Racheti inayoruka, seti ya vipande 216, na vifaa unavyohitaji kweli

Swali: Nina Toyota ya miaka mingi na nimeanza kuihudumia mwenyewe nyumbani: oili, plagi, pedi za breki, betri na vitu vidogo vidogo. Seti yangu ya kwanza ya soketi ilikuwa ya bei ya chini kabisa. Racheti yake imeanza kuruka, na nilipokuwa nafungua bolti za breki iliniachia ghafla nikachubuka vidole. Nataka kununua nyingine. Naona seti za vipande 46, 108 hadi 216. Nyingine zina meno 24, nyingine 72, nyingine 120. Nyingine zinaahidi dhamana ya maisha. Uwezo wa kununua vifaa vya mafundi wakubwa sina. Nichukue ipi?

Jibu: Pole kwa vidole, ndugu yangu. Wewe umeuliza kuhusu seti, lakini mimi nitaanza na ile bolti ya breki, kwa sababu pale ndipo fedha zako zinapookolewa au kupotea.

Bolti zinazoshikilia mabano ya kalipa (kifaa kinachobana pedi za breki) katika magari mengi madogo hufungwa kwa torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya karibu nyutoni-mita 100. Zikishakaa miaka kwenye maji, matope na joto la breki, kuzifungua kunadai zaidi ya hapo. Sasa tazama ndani ya racheti. Kuna gia ndogo yenye meno, na kuna ulimi wa chuma unaosukumwa na springi ili udake meno hayo. Nguvu yote ya mkono wako inapita kwenye yale meno machache yaliyokutana na ulimi. Springi ikichoka, uchafu ukiingia, au ncha za meno zikilika, ulimi haushuki hadi chini. Unabaki umeegemea ncha za meno, na ukivuta kwa nguvu unateleza. Mkono unakwenda mbele bila breki, na mbele yake hakukosi chuma.

Racheti ya bei ya chini hufika hapo mapema, hilo ni kweli. Lakini hata racheti nzuri haikutengenezwa kwa ajili ya kuvunja ugumu wa bolti iliyoshika kutu. Yenyewe ni chombo cha mwendo: nati ikishalegea, inakuwezesha kuizungusha upesi bila kuchomoa na kurudisha soketi kila mara. Kulegeza ni kazi ya mpini mrefu usio na gia ndani, ule ambao mafundi huuita breka baa. Kichwa chake ni kipande cha chuma kilichoshikwa kwa pini, na hakuna ulimi wa kuruka.

Fanya hesabu kidogo. Ukivuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 40 kwenye mpini wa sentimita 25, ambao ndio urefu wa racheti ya kawaida, unapata karibu nyutoni-mita 98. Vuta vivyo hivyo kwenye mpini wa sentimita 60, unapata karibu 235. Mwili ni ule ule, jasho ni lile lile. Watu wengi hufikia urefu huo kwa kuchomeka kipande cha bomba kwenye mpini wa racheti. Bomba linaongeza nguvu kweli, ila meno ya ndani yanabaki yale yale madogo, na ndiyo yanayolipa.

Kwa hiyo chombo cha kwanza kwenye orodha yako kiwe breka baa ya 1/2, yenye urefu wa sentimita 50 hadi 60. Haina vitu vingi vya kuharibika, na hata ya bei ya wastani huishi miaka mingi. Ukiwa nayo, mahitaji yako kwa upande wa racheti yanapungua sana, na ile hofu ya kwamba lazima ununue chapa kubwa inaondoka.

Sasa vipimo vya mraba. Nimesema 1/2, na utakutana na 1/4 na 3/8 pia. Hivi ni vipimo vya ile ncha ya pembe nne inayoingia kwenye soketi, na hupimwa kwa inchi hata kama soketi zenyewe ni za milimita. Ndivyo ilivyo dunia nzima. Ya 1/4 ni ya dashibodi, klipu, bolti ndogo na sehemu ambazo mkono hauingii vizuri. Ya 3/8 inafanya sehemu kubwa ya kazi za injini. Ya 1/2 ni ya magurudumu, breki na sehemu za springi na shokapu. Za 3/4 na inchi moja waachie wenye malori.

Tofauti kati ya vipimo hivi ni kubwa kuliko inavyoonekana kwa jicho. Uwezo wa ncha ya mraba kuhimili msokoto hukua kwa mchemraba wa upana wake. Ukiongeza upana mara mbili, kutoka 1/4 hadi 1/2, uwezo unaongezeka mara nane kwa chuma cha aina ile ile. Kutoka 3/8 hadi 1/2 ni zaidi ya mara mbili. Ndiyo maana adapta inayobeba soketi kubwa ya 1/2 juu ya racheti ndogo ya 3/8 huwa chanzo cha ncha kukatika: soketi inakudanganya kwamba una uwezo wa kazi nzito, kumbe mraba ulioko nyuma yake ni wa kazi nyepesi. Adapta ya kinyume chake, mpini mkubwa na soketi ndogo, nayo ina hatari yake, maana hapo ni rahisi kukata bolti yenyewe bila kuhisi.

Kwa kazi ulizozitaja, nunua seti ya 3/8 kwanza. Halafu ongeza soketi chache za 1/2 za kutumia na breka baa: 14, 17, 19 na 21. Robo inchi inaweza kungoja.

Namba za soketi ndipo penye siri ambayo seti kubwa hazikuambii. Gari lako ni la Kijapani, na Wajapani wana desturi yao ya vichwa vya bolti. Bolti ya M8, yaani yenye unene wa milimita 8, kwenye gari la Kijapani kwa kawaida ina kichwa cha 12. Bolti hiyo hiyo kwenye gari la Kijerumani ina kichwa cha 13. M10 ni 14 kwa Mjapani, na 16 au 17 kwa Mzungu. M12 ni 17 kwa Mjapani, na 18 au 19 kwa wengine. Ya M6 ni 10 karibu kila mahali, na ndiyo sababu soketi namba 10 inatumika kuliko zote na inapotea kuliko zote. Nunua mbili, hili si utani.

Maana yake ni kwamba kwenye Toyota yako utaishi na 8, 10, 12, 14, 17, 19 na 21. Nati za magurudumu mara nyingi ni 21. Bolti ya kumwagia oili mara nyingi ni 14. Plagi katika injini nyingi zinataka soketi ya 16, za zamani zaidi 21, na baadhi ya injini za miaka ya karibuni 14, kwa hiyo hakikisha kabla ya kununua. Soketi ya plagi iwe ile maalumu yenye mpira au sumaku ndani, kwa sababu plagi iliyoangushwa ndani ya shimo lake inaweza kupasuka kaure na usigundue hadi injini ianze kukosa moto. Namba 13 na 16 ziwepo pia, kwa kuwa vifaa vilivyoongezwa baadaye kwenye gari, kama redio, vyuma vya kuvutia trela au betri ya aina nyingine, havifuati desturi ya kiwandani.

Na soketi za inchi? Kwa gari la Kijapani huzihitaji. Kuna chache zinazokaribiana mno na milimita: 3/4 ya inchi ni milimita 19.05, na 5/16 ni 7.94. Hizo huweza kusaidiana. Lakini soketi ya milimita 13 kwenye kichwa cha nusu inchi, ambacho ni 12.7, inacheza, na inayocheza inakula pembe za bolti.

Hapo sasa rudi kwenye seti ya vipande 216 uliyoiona. Ondoa soketi zote za inchi. Ondoa vile vichwa vidogo vya bisibisi, ambavyo kila kimoja kimehesabiwa kama kipande. Ondoa funguo za pembe sita za kupinda, zilizotiwa ili kujaza idadi. Ondoa namba zinazojirudia katika 1/4, 3/8 na 1/2. Angalia pia kama kuna namba zilizorukwa, maana seti nyingi kubwa hukosa 16 au 18 huku zikiwa na vichwa vya bisibisi vya kutosha ukoo mzima. Unachobaki nacho mara nyingi hakizidi kile cha seti ya vipande arobaini iliyochaguliwa kwa akili. Tofauti ya bei ilikwenda kwenye sanduku na idadi, na mtengenezaji aliyetakiwa kutoa vipande 216 kwa bei ile alilazimika kubana mahali fulani. Kwa kawaida hubana kwenye chuma.

Kuhusu meno, hesabu ni rahisi: gawanya 360 kwa idadi ya meno. Racheti ya meno 24 inahitaji mpini usogee nyuzi 15 kabla haijadaka jino linalofuata, ya 72 inahitaji nyuzi 5, na ya 120 nyuzi 3. Kwenye mpini wa sentimita 25, nyuzi 15 ni mwendo wa karibu sentimita 6 na nusu mkononi mwako, nyuzi 5 ni sentimita 2 na kidogo, na nyuzi 3 ni sentimita moja na robo hivi. Ukiwa umebanwa kati ya injini na ukuta wa bodi, tofauti kati ya 24 na 72 ni tofauti kati ya kufanya kazi na kuacha. Tofauti kati ya 72 na 120 ni anasa. Kuna mahali inasaidia, lakini ni pachache, na meno membamba yanadai utengenezaji sahihi zaidi, ulimi mpana unaodaka meno kadhaa kwa pamoja, na usafi. Mtengenezaji mzuri anaweza. Mtengenezaji wa bei ya chini anayechora namba 120 kwenye boksi simwamini. Chukua 72, au hata 45 hadi 60 kama racheti yenyewe imetengenezwa vizuri.

Kuna jambo muhimu kuliko idadi ya meno ambalo haliandikwi kwenye boksi kabisa, nalo ni ugumu wa kurudi nyuma. Nati ikishalegea inazunguka kwa kidole. Ukirudisha mpini, racheti yenye springi nzito huivuta nati irudi nayo, kwa hiyo unakwenda mbele na nyuma bila kufungua kitu. Racheti nzuri hurudi kwa wepesi mno hata nati isitikisike. Hili unaweza kulipima dukani: ishike racheti kwa mkono mmoja, na kwa vidole viwili vya mkono wa pili zungusha ule mraba kuelekea upande wa kurudi. Ikiwa unahitaji kukaza vidole, iache. Ikizunguka kwa wepesi na sauti ya meno ikawa ya mfululizo ulio sawa, endelea kuikagua.

Nikiwa hapo dukani natazama mambo mengine machache. Swichi ya kubadili mwelekeo isiwe imechomoza kiasi cha kuguswa na kiganja wakati wa kuvuta. Kichwa kisiwe kinene, maana racheti nene haiingii pale inapohitajika. Kama kina skrubu mbili nyuma, kinaweza kufunguliwa na kusafishwa, na watengenezaji wengine huuza gia na ulimi wake kama kifurushi cha ukarabati. Halafu kuna kitufe cha kuachilia soketi kwa kidole gumba. Kinafaa sana mikono ikiwa na oili. Hicho kina hadithi yake: aliyekibuni miaka ya 1960 ni Peter Roberts, kijana wa miaka 18 aliyekuwa mfanyakazi wa duka la Sears huko Marekani. Alipata hataza mwaka 1965, akauza haki zake kwa dola 10,000, kisha akaishitaki kampuni hiyo kwa kumficha thamani halisi ya alichokiuza, na mabishano yakaendelea mahakamani miaka mingi. Leo kitufe chake kiko hata kwenye racheti za bei ya chini kabisa.

Lakini nikuambie ukweli wangu: racheti naiweka ya tatu katika foleni ya fedha. Zilizo mbele yake ni breka baa na soketi. Racheti mbaya ikifa, unanunua nyingine. Soketi mbaya inaharibu gari. Ikila pembe za bolti moja iliyoko nyuma ya injini, kazi ya nusu saa inageuka kazi ya siku nzima, pamoja na kuchimba bolti na maneno ambayo watoto hawapaswi kuyasikia.

Soketi ziwe za pembe sita, si kumi na mbili. Ya pembe kumi na mbili inagusa bolti karibu na ncha za pembe zake, sehemu ambayo ni rahisi kulika, hasa kama bolti ina kutu na imeshapungua. Ya pembe sita inakumbatia upande mzima. Faida ya pembe kumi na mbili ni kwamba unaweza kuiingiza kila baada ya nyuzi 30 badala ya 60, jambo la maana sana kwenye spana ya ringi, lakini ukiwa na racheti mkononi wepesi huo tayari unao. Zipo bolti chache zenye vichwa vya pembe kumi na mbili, na hizo zina soketi zake utakazonunua siku utakapokutana nazo.

Tazama mdomo wa soketi. Soketi za kisasa zilizo nzuri hazina pembe kali ndani. Kona zake zimechongwa mviringo kidogo ili nguvu iende kwenye ubapa wa bolti badala ya ncha. Kampuni ya vifaa ya Snap-on ndio waliolipatia wazo hilo umaarufu kwa jina la Flank Drive, na leo karibu kila mtengenezaji makini ana namna yake. Zungusha soketi mbele ya macho yako uone kama ukuta una unene sawa pande zote. Kama tundu limekwenda upande mmoja, ukuta mwembamba ndio utakaopasuka. Angalia pia kama mdomo umechongwa mshazari mkubwa mno, maana mshazari huo unapunguza kina cha kushika, na kwenye vichwa vyembamba vya bolti soketi itapanda na kuruka. Bora zaidi, nenda na bolti yako safi ya kichwa cha 12 au 14 mfukoni. Ijaribu. Iingie bila kusukumwa, na ikishaingia isicheze.

Chuma kiwe kromu-vanadi, ambacho huchongwa alama ya Cr-V au maneno kamili. Alama peke yake si uthibitisho, kwa kuwa chapa hughushiwa, ila soketi isiyo na alama yoyote wala namba iliyochongwa vizuri inakuambia kitu kuhusu aliyeitengeneza. Ung'aavu si kipimo cha chuma. Ile kromu ya juu ni nguo tu ya kuzuia kutu, na ikianza kubanduka inakata ngozi kama wembe.

Soketi nyeusi zenye ukuta mnene ni jamii nyingine. Mara nyingi ni za kromu-molibdeni, zilizotengenezwa kuvumilia mapigo ya mashine ya kufungulia nati. Hizo unaweza kuzitumia kwa mkono bila shida, na kwa 17, 19 na 21 za magurudumu na breki mimi ndizo ninazozipenda. Usifanye kinyume chake: soketi zinazong'aa zisiwekwe kwenye mashine ya mapigo. Ni ngumu kwa namna inayozifanya zipasuke, na vipande vyake huruka kuelekea usoni.

Fupi au ndefu? Ndefu zinahitajika pale ambapo bolti imechomoza kupita nati, kama kwenye baadhi ya betri na mabomba ya moshi, na kwenye nati za magurudumu. Kama ni lazima uchague, chukua fupi zote na ndefu za 10, 12, 14 na 21.

Sasa chapa. Si lazima upande hadi Snap-on, Hazet, Stahlwille au Koken. Hivyo ni vifaa vya mtu anayeshika racheti kutwa nzima, kila siku ya kazi. Katikati kuna tabaka zuri sana, na sehemu kubwa yake hutoka Taiwan, hasa eneo la Taichung, ambako viwanda vingi vya vifaa vya mkono vimejazana na huwatengenezea hata wenye majina makubwa ya nchi nyingine. King Tony, Toptul na Jonnesway ni za huko. GearWrench na Tekton ni za Marekani, lakini sehemu kubwa ya soketi zao imetengenezwa Taiwan. Bahco nayo inaaminika. Kwa matumizi ya nyumbani, tabaka hili linatosha maisha yako yote. Tahadhari ni moja: chapa inayojulikana ikiuzwa kwa bei ya kushangaza, aghalabu ni ya kughushi, na hiyo ni mbaya kuliko chapa ya bei ya chini inayojitambulisha kwa jina lake.

Dhamana ya maisha isikupumbaze. Uliza nani anaitekeleza, wapi, na nani analipia usafirishaji. Dhamana inayokutaka upeleke soketi moja ng'ambo na kungoja miezi ni maneno tu. Swali bora zaidi la kumuuliza muuzaji ni hili: nikipoteza soketi namba 12, naweza kuinunua peke yake hapa, ya aina hii hii? Akisema ndiyo, hiyo ndiyo dhamana. Akisema inabidi ununue seti upya, fikiria tena.

Kabla sijaacha ununuzi: ongeza ekstensheni (vyuma vya kurefusha) mbili za 3/8, moja ya milimita 75 na nyingine ya 150, pamoja na kiungo cha kupinda. Ekstensheni ndefu sana hujisokota na kukupunguzia hisia ya mkono, kwa hiyo usianze na ya nusu mita. Kiungo cha kupinda ni cha kufikia tu, si cha kulegezea bolti ngumu. Kikiwa kwenye pembe kali kinasukuma soketi iende upande na kula kichwa.

Kuna chombo hukukiuliza ambacho nakusihi ukitafute baadaye: spana ya torki, inayopima nguvu ya kukaza. Watu wengi wanaojifunza nyumbani hawaharibu magari kwa kufungua, huyaharibu kwa kukaza. Nati za magurudumu za Toyota nyingi ndogo zinataka nyutoni-mita 103, na bolti ya oili katika nyingi ni karibu 37. Kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Spana ya aina ya kubofya, yaani inayotoa mlio kipimo kikifika, inayofuata kiwango cha kimataifa cha ISO 6789 inaruhusiwa kukosea asilimia 4 tu, lakini ahadi hiyo haihusu sehemu ya chini kabisa ya kipimo chake. Yenye uwezo wa hadi 210 usiiamini chini ya 42 hivi, ambayo ni asilimia 20 ya mwisho wake. Kwa hiyo ile ya magurudumu haifai kwa bolti ya oili. Ukiweza moja tu, chukua ya magurudumu, na bolti ya oili ikaze kwa mpini mfupi na kiasi. Usiitumie kufungulia kamwe, na ukimaliza irudishe kwenye kipimo chake cha chini kabisa bila kupita hapo. Ekstensheni iliyonyooka haibadilishi kipimo, kama ulikuwa unajiuliza.

Ukirudi kwenye ile bolti ya breki, fanya hivi. Safisha kichwa kwa brashi ya waya ili soketi ishuke hadi chini. Nyunyizia oili ya kupenya na uiache ifanye kazi, ikiwezekana usiku kucha. Weka soketi ya pembe sita na breka baa. Anza kwa kukaza kidogo sana kabla ya kufungua. Mara nyingi hilo ndilo linalovunja mshiko wa kutu. Vuta kuelekea kwako badala ya kusukuma, na kama hakuna nafasi ya kuvuta, sukuma kwa kiganja kilicho wazi, vidole vikiwa havijaufumbata mpini. Bolti ikishazunguka nusu duara, weka breka baa pembeni na uchukue racheti. Wakati wa kufunga, anza kila bolti kwa vidole vyako mpaka iingie mizunguko kadhaa, ndipo uje na chombo. Gari likiwa juu, liwe kwenye stendi imara, si jeki peke yake. Ukifanya kazi karibu na betri, ondoa waya wa hasi kwanza, kwa sababu racheti ya chuma ikigusa chanya na bodi kwa wakati mmoja inaweza kukuunguza vibaya.

Ile racheti ya zamani usiitupe bado. Fungua skrubu za kichwa chake juu ya kitambaa chenye rangi nyeupe, maana kuna springi na gololi ndogo zinazopenda kutoroka. Ioshe kwa dawa ya kusafishia breki, uikaushe, kisha tazama ncha za meno na ulimi. Kama ni uchafu au grisi nzito iliyoganda tu, paka grisi laini kidogo mno na uirudishe. Grisi nyingi huufanya ulimi uwe mzito kushuka, na racheti itaruka hata ikiwa mpya. Ikidaka vizuri, itakufaa kwa bolti za namba 10 na 12. Lakini ukiona meno yamevunjika au ncha zimekuwa za mviringo, na kifurushi cha ukarabati hakipatikani, itupe siku hiyo hiyo. Soketi zake zipime moja moja kwenye bolti safi. Zisizocheza zibaki, zilizopanuka midomo ziende pamoja nayo.